Siri Ina Mpaka Wake

Siri ya mtu ni amana. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa mama mmoja aliyenitangulia katika kazi ya ustawi wa jamii hapa Bujumbura, nami nikalishika kwa nguvu zote. Lakini nililishika vibaya, na leo napenda kuwaeleza, hasa ninyi askari na wake zenu, jinsi nilivyoujua mpaka wa amana hiyo.

Ilikuwa mtaani Buyenzi, ambako habari ya alfajiri huwa imezunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Dada mmoja alinijia na jicho limevimba. Mumewe, askari, alikuwa amerejea kutoka Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka majeshi mwishoni mwa mwaka 2007. Alirejea salama wa mwili, ila usingizi ulimkimbia na hasira zikawa karibu. Mkewe alinishika mikono, akasema, "Dada, niapie hutamwambia mtu. Akifukuzwa kazi, watoto watakula nini?" Nami, kwa huruma, nikamwahidi kwamba neno lake halitatoka kinywani mwangu kamwe.

Wiki chache baadaye akarudi, akanieleza kwamba mumewe alishika panga usiku, akaapa kummaliza yeye na kitinda mimba wao. Usiku ule sikulala. Kuvunja ahadi ni khiana; kunyamaza ni kumwacha mtoto katika hatari ya kifo. Kulipopambazuka nilimwendea yeye kwanza, nikamwambia wazi, "Nitasema, dada yangu. Nitawaambia wale tu wawezao kuwalinda, tena lile tu linalohitajika." Alilia, akaniita msaliti. Nilikwenda polisi. Siku ile ile yeye na watoto walihamia kwa ndugu zake, na mumewe akapelekwa kwa daktari. Wote wangali hai. Lakini hadi leo tukikutana sokoni dada yule hunipita bila salamu, nami simlaumu.

Kinachoniuma si kwamba nilisema, bali kwamba nilimwahidi kitu kisichokuwa changu kutoa. Kanuni za maadili za Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Ustawi wa Jamii za mwaka 2018 zinatutaka tutunze siri isipokuwa pale mtu anapoweza kudhurika, tena tumjulishe anayetujia kwamba mpaka huo upo. Hali kadhalika, Burundi ina sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 ya kuzuia ukatili wa kijinsia na kuwalinda waliotendewa.

Siku hizi mtu akiketi mbele yangu, kabla hajaanza kusimulia, humwambia hivi: "Siri yako nitaitunza. Sitamwambia jirani, wala mumeo, wala mkubwa wake wa kazi. Lakini nikiona uhai uko hatarini, wako au wa mwingine, sitanyamaza, nawe utakuwa wa kwanza kujua." Wapo wanaosita, mmoja aliinuka akaenda zake. Ilikuwa haki yake. Wengi hubaki.

Nanyi wapiganaji mliorudi, kumbukeni wahenga walivyonena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Usingizi uliopotelea vitani ni maradhi kama homa. Mwambieni daktari mapema, kabla mke hajalazimika kunijia na jicho limevimba.