Ramani Kubwa Isikunjwe

Ukitoka Nyamianda na kutelemka mpaka ziwani, milima inabaki nyuma yako na Burundi inaonekana ng'ambo. Juzi tulitelemka huko na watoto wa darasa la sita, tukawaomba wachore ukingo wa ziwa. Mmoja alichora nyumba ya bibi yake katikati ya maji. Wenzake walicheka, lakini hakukosea. Nyumba ilikuwa pale kabla ziwa halijapanda.

Inchi yetu ilichorwa tangu zamani. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Wenyeji waliwajibu kwamba inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walienda mpaka kwenye mlango wa mto, wakaona ni kweli. Mwaka 1910 Wabelgiji na Wajerumani walipatana Ruzizi iwe mpaka. Ramani nyingi za wakati huo zinatunzwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren.

Na zilizobaki kwetu? Katika ofisi moja tulionyeshwa ramani kubwa kama shuka la kitanda, iliyokunjwa mara nne nyuma ya kabati. Pale mikunjo inapokutana pametoboka tundu kama kifungo. Kwenye ramani ya kipimo cha 1/2.000, sentimita moja ni mita 20. Basi tundu hilo linameza kiwanja kizima cha mjane. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, alama nyingi za mipaka zilizikwa chini ya mawe na matope. Alama ikipotea na ramani ikitoboka, mama asiye na msemaji ataonyesha nini?

Kutunza hakuombi mambo makubwa. Ramani ilazwe wazi katika droo pana, mbali na sakafu. Droo ikikosekana, iviringishwe juu ya bomba nene, ifunikwe na kitambaa safi. Isibandikwe utepe wa gundi, maana unaunguza karatasi. Ikilowa, isianikwe juani. Ilazwe kivulini juu ya karatasi kavu, zibadilishwe mara kwa mara. Kisha ipewe namba kwa penseli upande wa nyuma, na katika daftari iandikwe jina lake, mwaka, kipimo, upana na urefu, mtaa unaoonyeshwa, na hali yake. Ramani isiyo katika daftari ni kama mtoto asiyeandikishwa: siku akipotea, hakuna anayejua wa kumtafuta.

Wamama wa vikundi, tuwaombe wakubwa wa ofisi watuonyeshe daftari hilo. Kama halipo, tujitolee kusaidia kulianzisha, maana walimu tuko na penseli tuko nazo. Na leo jioni, kila mama atoe karatasi za kiwanja chake chini ya godoro, azinyooshe, azipandishe juu maji yasipofika.