Kutoka kwa Mtemi hadi kwa Mpagazi

Sisi tulioanza kusoma historia katika miaka ya uhuru tulirithi Tabora ya wasafiri wa Ulaya. Stanley, aliyepigana upande wa Waarabu wa Unyanyembe (eneo la Tabora) mwaka 1871 na kushindwa pamoja nao, alimwandika Mirambo, mtemi wa Urambo, kama jambazi wa njia ya misafara. Baada ya uhuru mizani ikageuka. J. B. Kabeya alimsimulia kwa Kiswahili kama mtawala shujaa, na mwaka 1971 Norman Bennett akamtolea kitabu kizima. Tukaelewa kwamba vita vya Urambo vilikuwa na sababu: nani atoze hongo (ushuru wa njia), nani ashike njia ya pembe za ndovu iendayo Ujiji. Isike naye, mtemi wa Unyanyembe aliyejilipua kwa baruti bomani mwake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu, akapata heshima yake. Ilikuwa haki. Hata hivyo, macho yetu yalibaki kwa watemi, na waliobeba mizigo hawakuonekana.

Stephen Rockel wa Chuo Kikuu cha Toronto ndiye aliyesaidia sana kuwaonyesha. Katika Carriers of Culture, kitabu chake cha 2006, wapagazi wa Kinyamwezi ni wafanyakazi wa ujira: wanapatana malipo, wanagoma posho ikipunguzwa, wanatoroka wakionewa. Mwaka 2009, yeye na Rick Halpern wakahariri kitabu kuhusu raia wanaouawa katika vita vya kibeberu. Kwangu kazi hizi mbili zinashikana. Mpagazi akishatambuliwa kuwa mtu wa mapatano, viboko vya msafarani haviwezi tena kuitwa desturi ya safari; ni mabavu ya kisiasa.

Wapo wanaohofu kwamba hoja hii ya wapagazi wa ujira inausafisha utumwa. Hofu yao ina msingi, kwani watumwa walilima mashamba ya Unyanyembe, na rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, waliteka watu. Lakini kumwita kila mpagazi mtumwa kuliwafaa wakoloni, waliojitangaza wakombozi kisha, katika vita vya 1914 hadi 1918, wakawalazimisha Waafrika kubeba mizigo ya majeshi hadi wakafa kwa makumi ya maelfu. Wengine husema ushahidi wenyewe umetoka katika shajara za wakuu wa misafara. Ni kweli, lakini mkuu anayelalamika kwamba watu wake wamegoma anauthibitisha mgomo bila kukusudia. Basi anayetaka kuandika haki za wenyeji wa Tabora asiishie kwenye maboma ya watemi. Madai ya wapagazi nayo yalikuwa siasa, na yanastahili kusomwa hivyo.