Kuingia si Kufaa



Ndugu wapendwa, mwezi wa Desemba unapokaribia, watoto wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka kila pembe. Vihamba hujaa watu, ndafu huandaliwa, na mambo ya ukoo yaliyolala mwaka mzima huamshwa. Katika familia chache, miongoni mwa mambo hayo imo bunduki ya babu: bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kipimo cha 12, iliyotengenezwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wazee waliitumia kule tambarare, walikokuwa na mashamba yao ya mahindi na maharage, kuwafukuza ngedere na nguruwe pori, na mara mojamoja kujipatia kanga wa sikukuu. Leo yule aliyeirithi kwa njia halali huuliza swali moja tu: ninunue risasi gani?

Swali hilo limetufikia, nasi tunalijibu hapa mbele ya wote kwa sababu linagusa mikono na macho ya watu. Sisi si mafundi wa silaha. Ila tulilelewa katika nyumba ambamo bunduki ya namna hiyo ilikuwamo, na yale tuliyofundishwa na wazee tumeyapima kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaoifahamu kazi hiyo.

Kwanza tuseme juu ya ndege mwenyewe. Mashauri mengi yanayosomwa na vijana wetu siku hizi yameandikwa na Wamarekani, nao wanasema habari za kuwinda batamzinga wa porini. Ndege huyo kwa asili ni wa Amerika. Dume lake huweza kuzidi kilo 8, na mwindaji humlenga kichwa na shingo. Kwa ajili yake zimetengenezwa risasi nzito mno, nyingine zenye gramu 50 na zaidi za marisau. Sisi huku hatuna ndege huyo porini. Tunaye kanga, ambaye kwa kawaida hafiki hata kilo 2. Ajabu ni kwamba wazungu waliwachanganya ndege hawa wawili tangu zamani. Jina la kitaalamu la batamzinga, Meleagris, ni neno ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga. Jina likahamia kwa mwingine, na tunaona kwamba leo hata ushauri wa risasi unataka kuhamia kwa kanga vivyo hivyo. Yafaa kuuzuia.

Mwamini mmoja aliyetuletea swali hili alikuwa amekwisha kununua boksi la risasi zenye nguvu kubwa, zenye urefu wa milimita 70, kwa kuufuata ushauri wa aina hiyo. Tulipomwuliza kama chemba ya bunduki ya baba yake imepimwa, alijibu kwa uhakika: "Padre, zinaingia vizuri kabisa."

Wapendwa, katika jambo hili hakuna neno linalodanganya kuliko hilo. Tuone kwa nini.

Risasi ya bunduki hii ni ganda la plastiki au la karatasi gumu, lenye kitako cha chuma. Ndani yake mna fataki, kisha baruti, kisha kizibo, kisha marisau. Mdomo wa ganda hukunjwa ili marisau yasimwagike. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka, yaani baada ya kupigwa. Kabla ya hapo, kwa sababu ya lile kunjo, ganda ni fupi kuliko linavyojitangaza. Basi risasi ya milimita 70 huingia bila shida katika chemba ya milimita 65, na bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya urefu huo. Hufungika, hutulia, na haionyeshi dalili yoyote ya kukataa. Lakini inapofyatuliwa, mdomo wa ganda hufunguka na kuingia mahali ambapo chemba huanza kuwa nyembamba. Njia ya kizibo na marisau hubanwa wakati uleule ambao moto wa baruti unayasukuma kwa nguvu zote. Shinikizo hupanda kupita kiasi. Bunduki imara huenda ikavumilia mara kadhaa. Iliyochoka huweza kupasuka karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji.

Kwa hiyo chemba hupimwa na fundi mwenye kipimo chake maalumu. Kuitia risasi na kuitazama si kupima. Zipo risasi ambazo watengenezaji wameziandika wazi kwenye boksi kwamba zinafaa kwa chemba ya milimita 65; hizo ndizo za kutafutwa kwa bunduki yenye chemba hiyo. Boksi lisiposema hivyo, liachwe dukani.

Jambo la pili ni baruti. Hadi miaka ya 1880 bunduki nyingi zilitumia baruti nyeusi, yenye moshi mwingi. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, na polepole dunia nzima ikahamia huko. Bunduki zilizotangulia mabadiliko hayo hazikutengenezwa kwa ajili ya baruti hiyo mpya. Baadhi yake zina mitutu ya chuma kilichosokotwa na kufuliwa pamoja, ambayo uso wake huonyesha michirizi mizuri kama ya mkeka. Hiyo huitwa mitutu ya Damascus. Uzuri wake usimshawishi mtu kuitumia kabla fundi hajaikagua.

Bunduki za Uingereza hubeba ushahidi wao chini ya mitutu, mahali pasipoonekana mpaka ifunguliwe. Sheria ya huko inataka kila mtutu ujaribiwe kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, London au Birmingham, ambako nyumba ya majaribio ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ukifaulu hupigwa mihuri. Herufi NP zikiwa na taji juu yake zina maana kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kwa zile zilizojaribiwa baada ya mwaka 1954 mara nyingi utakuta pia urefu wa chemba kwa inchi, pamoja na kiasi cha shinikizo, kwa mfano tani 3 kwa kila inchi ya mraba. Inchi mbili na nusu ndizo zile milimita 65 tulizozitaja.

Hata hivyo muhuri ni ushuhuda wa siku ile ulipopigwa. Hausemi lolote juu ya kutu ya miaka 60, wala juu ya masika yote ambayo bunduki iliyapitia ikiwa imesimama nyuma ya mlango katika unyevu wa milimani. Ndivyo ilivyokuwa kwa bunduki ya mwamini wetu. Fundi aliipima akakuta chemba ni ya milimita 65, na mihuri ni mizuri. Lakini ndani ya mtutu wa kulia kutu ilikuwa imechimba vishimo, na unene wa chuma ulikuwa umepungua kuliko inavyoruhusiwa. Jibu la swali lake la risasi gani likawa: hakuna. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa ametamani kanga wa Noeli apatikane kwa bunduki ya baba yake, na tamaa hiyo haikuwa mbaya. Ilikuwa ni upendo wa mwana. Sisi tulimwambia kwamba baba aliyeitunza bunduki hiyo ili ailishe familia asingefurahi iikate mikono ya mwanawe.

Kwa wale ambao bunduki zao zimepimwa na kuonekana nzima, tunaongeza mambo machache.

Risasi nyepesi ndiyo rafiki wa bunduki kuukuu. Gramu 28 za marisau, yaani aunsi moja, zenye mwendo wa wastani, zinatosha kwa kanga aliye ndani ya mita 30. Kuongeza uzito hakumsogezi ndege karibu. Humwumiza mpigaji bega na kuuchosha ubao wa bunduki pale ulipoungana na chuma.

Ukubwa wa marisau usomwe kwa milimita, kwa maana namba hutofautiana kati ya nchi na nchi. Namba 6 ya Kiingereza ina milimita 2.6, na namba 6 ya Kimarekani ina milimita 2.8, ambayo kwa Mwingereza ni namba 5. Marisau ya milimita 2.8 yanamfaa kanga, mwenye manyoya magumu. Katika aunsi moja huwamo takribani 220. Makubwa zaidi huwa machache na huacha nafasi tupu angani. Madogo zaidi hujeruhi bila kuua.

Kisha mitutu miwili hailingani. Kwa kawaida wa kulia, unaofyatuliwa kwa kifyatulio cha mbele, hutawanya marisau mapema kwa ajili ya ndege wa karibu. Wa kushoto umebanwa kidogo mdomoni ili marisau yaende mbali yakiwa pamoja. Marisau ya chuma cha pua au ya tungsteni, ambayo ni magumu, yasitumike kamwe katika mitutu ya namna hiyo, kwa kuwa huweza kuikwaruza na kuitunisha pale ilipobanwa. Anayetaka kuepuka sumu ya madini ya risasi atafute ya bismuti, ambayo ni laini zaidi, naye athibitishe kwanza urefu wa ganda lake.

Hatari nyingine tuitaje kwa msisitizo. Risasi ya kipimo cha 20 ikitiwa kimakosa katika bunduki ya kipimo cha 12 huteleza ikapita chemba na kukwama mbele, isionekane. Mtu hudhani hajatia kitu, akatia ya 12 nyuma yake, akafyatua. Ndiyo maana maganda ya kipimo cha 20 hupakwa rangi ya manjano. Vipimo hivyo viwili visikae kamwe katika mfuko mmoja.

Yako pia ya sheria. Leseni ya silaha hupewa mtu, wala hairithiwi pamoja na bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi kwamba silaha haimilikiwi bila leseni. Familia iliyofiwa na mwenye leseni iende Polisi mapema. Kuwinda nako kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama ndege mwenyewe anakula mahindi yako. Na msitu ulio juu ya vihamba vyetu, ambao wazee wanaukumbuka kama hifadhi ya msitu, umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mwaka 2005. Huko hakuna kuwinda kabisa.

Mwisho ni dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2417 na 2418, inafundisha kwamba mwanadamu anaruhusiwa kuwatumia wanyama kwa chakula, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Mafundisho hayo yanaingia mpaka ndani ya boksi la risasi. Anayelipiga kundi la kanga chini, akitumaini kwamba mmojawapo ataanguka, huacha wengine wakiburuta mabawa vichakani. Anayepiga kwa mita 60 huku akiitumainia risasi nzito hufanya vivyo hivyo. Na marisau ya madini ya risasi yanayobaki ardhini humezwa na ndege wanaookota changarawe, yakawaua kwa sumu; ndiyo sababu Marekani iliyakataza nchi nzima katika kuwinda ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza kwenye maeneo oevu mwaka 2023. Nasi tunayo maji ya Nyumba ya Mungu na majaruba ya mpunga, yenye ndege wengi. Nyama nayo isafishwe vizuri: sehemu iliyotobolewa ikatwe na kutupwa, hasa watoto wanapokuwapo mezani.

Tunajua kwamba yanayoingia maishani mwetu bila kutufaa ni mengi, na kila mmoja atayatafakari ya kwake. Kwa juma hili tunawaomba tendo moja tu. Mwenye bunduki ya zamani nyumbani asiipige sikukuu hii kabla fundi mwenye leseni hajaipima, na kila risasi iliyomo ndani ya nyumba iwekwe chini ya kufuli, mbali na bunduki, kabla wajukuu hawajafika.

Tunawatakia juma jema na maandalizi mema ya Noeli.