Haya Mbele ya Daktari



Mlango wa istinja nimewasomesha watoto wa chuoni hapa Likoni kwa zaidi ya miaka ishirini, wala sijapata kuona haya. Lakini nilipoona damu katika choo changu mwenyewe, nilinyamaza miezi saba. Nikajiambia ni bawasiri. Nikanywa dawa za miti shamba, nikamficha hata mke wangu.

Marehemu kaka yangu naye alisema ni bawasiri. Alipokubali kuvuka feri kwenda hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikwisha fika kwenye ini. Tulimzika akiwa na miaka 52.

Mke wangu alipojua hakunigombeza. Aliuliza tu: "Baba Salma, wanafunzi wanakuuliza kila la chooni, nawe huwezi kumuuliza daktari?"

Daktari alinieleza kwamba saratani hii aghalabu huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo bila maumivu, na huchukua miaka mingi, pengine kumi, kugeuka. Kikionekana mapema hukatwa, na maradhi yakazuiwa kabla hayajazaliwa. Asiye na dalili huweza kuanza kwa kupimwa kinyesi, kutafutwa damu isiyoonekana kwa jicho. Mimi, kwa damu ile na msiba wa ndugu yangu, niliingizwa kamera. Kilichonitaabisha ni usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa ile dawa ya kuharisha. Kamera yenyewe ilipita nami nimelala. Vinyama viwili vilitolewa.

Asiye na dalili hushauriwa kuanza kupimwa afikapo miaka 45. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, mapema zaidi. Wala si maradhi ya wazee peke yao: Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alifariki kwayo Julai 2019 akiwa na miaka 41.

Kina mama huniuliza juu ya utupu. Wanavyuoni wameruhusu tabibu kutazama kwa kadiri ya haja ya tiba. Ombeni tabibu mwanamke. Akikosekana, basi mwanamume, maharimu wako akiwapo. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii kiingiacho tupu ya nyuma hufunguza saumu, asiye na dharura apange siku nje ya Ramadhani.

Dada yangu wa Mtongwe, tumbo moja na marehemu, bado anasema haendi. Jumamosi nitamfuata tena pamoja na mke wangu, na safari hii yeye ndiye atakayezungumza.