Mwamba Ngoma na Jedwali Lake

Mtu akitaka kujua kimo cha ujuzi wake, na ayatazame maswali ambayo hakuyauliza. Majibu yaweza kumsifu, lakini maswali humfichua. Neno hili sikulisoma kitabuni. Nilifundishwa na alama moja ya maandishi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, iliyokuwa katika jina la mama mmoja wa Usukumani.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kuzijaribu kabla hazijakabidhiwa watu. Miaka michache iliyopita niliombwa kuitengenezea hospitali moja mjini Mwanza tovuti ambayo kwayo makarani wangeandikisha wagonjwa na kuwapangia saa ya kumwona daktari. Zamani kurasa za namna hii zilijaribiwa kwa mkono: mtu huketi, huandika jina, huandika tarehe, hubonyeza kitufe, hutazama jibu, kisha huanza tena mpaka macho yachoke. Mkono uliochoka hudanganya bila kukusudia. Mwaka 2004 Jason Huggins, akifanya kazi mjini Chicago, alianzisha chombo kiitwacho Selenium, ambacho huiwezesha kompyuta kuendesha kivinjari na kufanya yote hayo yenyewe. Chombo hicho ndicho nilichotumia.

Walakini chombo peke yake hakitoshi. Kama jina la mgonjwa limeandikwa ndani ya amri za jaribio, kila jina jipya litataka amri mpya. Majina 50 yatazaa majaribio 50, na siku kitufe kimoja kikibadilika, fundi atatengeneza mahali 50. Kwa hiyo wajuzi huzitenga amri na data. Amri huandikwa mara moja, na ndani yake huachwa nafasi tupu. Data huwekwa mbali, katika jedwali. Kila mstari wa jedwali hubeba mambo yatakayojazwa ukurasani, na mwisho wake jibu linalotazamiwa. Kompyuta husoma mstari wa kwanza, hujaza, hubonyeza, hulinganisha jibu lililopatikana na lililotazamiwa, huandika kufaulu au kushindwa, kisha hushika mstari wa pili. Atakaye jaribio jipya haongezi amri, huongeza mstari.

Jedwali langu lilikuwa na mistari 48. Ndani yake mlikuwa na tarehe 29 Februari 2020, ambayo yapasa kukubaliwa, na 29 Februari 2021, ambayo yapasa kukataliwa kwa kuwa siku hiyo haikuwako. Mlikuwa na namba za simu zenye tarakimu 10, na nyingine zilizopungua tarakimu moja. Mlikuwa na jina tupu, na jina refu kupita kiasi. Usiku mmoja mistari yote ilifaulu kwa dakika chache, nami nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Juma la pili niliitwa hospitalini. Mama mmoja alikuwa amefika na mtoto mwenye homa mgongoni. Jina lake lilianza kwa sauti ile tunayoiandika ng', kama katika neno ng'ombe. Karani aliliandika, akabonyeza, na ukurasa ukamjibu kuwa kuna hitilafu. Akarudia mara tatu. Mwishowe alimwambia yule mama maneno ambayo hata leo yananichoma: "Mama, jina lako halikubaliki." Naye, aliyeitwa kwa jina hilo tangu azaliwe, akajibu kwa upole kwamba hana jingine. Alingoja tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka karani alipopata shauri la kuifuta ile alama, na kumwandika kwa jina ambalo si lake.

Kosa lilikuwa langu. Hifadhidata huagizwa kwa lugha ambamo alama hiyo hiyo hufungua na kufunga maneno. Mimi nililichukua jina kama lilivyo nikalibandika katikati ya amri. Ilipofika kwenye alama ya ng', hifadhidata ilidhani jina limekwisha, na herufi zilizosalia ikaziona kuwa amri isiyoeleweka. Dawa yake yajulikana siku nyingi: amri ipelekwe peke yake, na jina peke yake. Tazama ajabu hii, msomaji: katika jaribio nilizitenga amri na data kwa fahari, na katika programu yenyewe nikazichanganya. Wala jaribio halikuniumbua, kwa kuwa katika mistari 48 hamkuwa na ng' hata moja. Mimi ni mtu wa Tanga, na majina niliyoandika yalikuwa ya ndugu na rafiki zangu wa pwani. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Nilikwenda kwa karani nikiwa na haya. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba anisaidie kuandika jedwali. Alicheka, akasema kuwa yeye hajui kompyuta. Nikamjibu kuwa jedwali halitaki mjuzi wa kompyuta. Lataka mjuzi wa watu.

Kwa muda wa saa moja alinipa niliyoyakosa kwa miezi. Alinitajia akina Kulwa na Doto, pacha waliozaliwa siku moja, wa baba mmoja, wenye simu moja ya mama yao, ambao programu yangu ingewadhania kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Alinitajia bibi ajuaye mwaka wake wa kuzaliwa na asiyejua siku wala mwezi. Alinitajia mgonjwa aliyepangiwa saa mbili asubuhi, karani mgeni akaandika 2:00, ambayo kwa kompyuta ni saa nane ya usiku. Kisha akanionyesha kuwa simu yake huiandika alama ya ng' ikiwa imepinda. Kwa jicho ni ile ile, kwa kompyuta ni nyingine, na faili la mgonjwa likitafutwa kwa alama hiyo halionekani. Mistari ikafika 97. Siku ile 11 ilishindwa, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuona programu yangu ikianguka.

Edsger Dijkstra, mjuzi wa Uholanzi, alionya tangu mwaka 1969 kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa hayapo. Nililijua onyo hilo, nikadhani laihusu kompyuta. Kumbe lanihusu mimi. Kompyuta ni mtumishi mwaminifu: huuliza lile lililoagizwa, mara elfu, bila kuchoka na bila kuongeza neno. Mistari elfu iliyotoka katika moyo mmoja ni swali moja lililorudiwa mara elfu.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Karani aliliandika jina lake zima, na ukurasa ukalipokea. Yeye hakujua kuwa lilikuwa jambo kubwa, wala haikumpasa kujua. Lakini mstari wa kwanza wa jedwali langu sasa ni jina lenye ng', nalo hujaribiwa kila usiku kabla ya majina ya ndugu zangu.