Tangu Ulipogusa Wewe, Fundi

Simu ya lawama haina salamu. Mtu ambaye juzi aliniita "fundi wangu" na kuniletea chai juu ya ngazi anaanza moja kwa moja: "Wewe fundi, hebu njoo uone ulichokifanya." Halafu linafuata lile neno ambalo kila fundi umeme wa Dar es Salaam amelisikia mpaka amelizoea: tangu ulipogusa wewe. Tangu ulipogusa wewe friji halipoi. Tangu ulipogusa wewe feni inalia. Mama mmoja wa Sinza aliniambia tangu nilipogusa mimi, geti lake la umeme linagoma kufunguka. Geti hilo sikuligusa. Nilikuwa nimemfungia taa mbili za jikoni.

Kuvuta waya, kufunga breka na kusoma mchoro nilifundishwa VETA, Chang'ombe. Kusimama mbele ya mwenye nyumba aliyekasirika sikufundishwa na mtu. Fundi niliyemfanyia kazi ya usaidizi mwanzoni alikuwa na dawa yake moja tu, nayo ni kumsingizia aliyemtangulia. Akifungua kifuniko cha swichi anatikisa kichwa, anasonya, anauliza, "Nani aliwafanyia hii? Mliibiwa, mama." Wateja walimpenda sana kwa wiki ya kwanza. Lakini ukishamfundisha mtu kwamba mafundi wote ni wezi, huwezi kumwomba akutoe wewe kwenye hesabu siku yako ikifika. Nyumba hizohizo zilimfukuza, na aliyekuja baada yake akafungua vifuniko vyake na kusonya. Mimi niliamua mapema kutomsema fundi mwenzangu mbele ya mteja, hata nikikuta kazi ya kishoka asiyejua laivu wala nyutro. Nasema tu, "Hapa pana marekebisho," naendelea.

Kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa Ilala, nyumba ya zamani ya mzee mmoja mstaafu. Meinswichi yake ilikuwa bado ya fyuzi zile za kufunga uzi wa waya: ukiungua, unafunga mwingine, na ukichoka kuungua unafunga mnene zaidi. Mzee alitaka iondolewe baada ya chumba cha jirani kushika moto. Tukakubaliana niweke bodi mpya ya breka, nizike fimbo mpya ya ethi, na niweke ile breka ambayo mafundi tunaiita kwa herufi zake, RCD.

Hiyo ndiyo breka inayowagombanisha mafundi na wateja kuliko kifaa chochote ninachokijua, kwa hiyo niieleze. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Ukirudi pungufu kwa miliampia 30, inakata hapohapo, kwa kuwa kilichopungua kimepita kwingine: kwenye ukuta wenye unyevu, kwenye ganda la friji, au kwenye mwili wa mtu. Miliampia 30 haifiki hata sehemu ya nane ya umeme unaopita kwenye balbu ya wati 60. Kwa balbu si kitu, ila kwa moyo wa binadamu ni nyingi. Breka ya kawaida haiwezi kuuona uvujaji mdogo kiasi hicho, na fyuzi ya uzi ndiyo kabisa. Nyumba inaweza kuvuja miaka na taa zote zikawaka vizuri.

Kabla ya kugusa kitu nilipima kila saketi kwa mega, ile mashine inayosukuma volti 500 kwenye waya kuona kama zinashikilia au zinavujisha. Usomaji ukishuka chini ya megaohmu moja, hapo pana kasoro. Saketi ya hita ya bafuni ilikuwa chini kabisa. Nikamwambia mzee: hita hii ina tatizo, na breka ninayoiweka itaikataa. Akanijibu, "Hita iache, inafanya kazi. Wewe weka bodi." Nikaandika hivyo kwenye karatasi ya makubaliano, akasaini, nikafanya kazi yangu nikaondoka.

Simu iliingia usiku uleule. Nilipofika asubuhi, sebule nzima ilikuwa inanisubiri: mzee, mkewe, mtoto wao mkubwa, na jirani aliyekuja kuazima kitu akaona bora asubiri. "Miaka yote tunaoga maji ya moto hapa," mzee akasema. "Umekuja wewe na breka yako, leo tumeoga maji ya baridi. Ulichofunga ni kibovu."

Ile karatasi yenye saini yake ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa. Ningeitoa ningeshinda mbele ya mkewe, mwanawe na jirani, na mzee asingenisamehe ushindi huo. Karatasi ni ya siku malipo yakigoma, au ya siku ya serikali ya mtaa. Wakati watu bado wana hasira, inaongeza tu hasira. Nikasema, "Pole, mzee. Maji ya baridi asubuhi si mchezo. Naomba unisaidie tuitafute."

Nikazima breka zote, nikachomoa pasi, friji, redio, kila chenye plagi. Nikamwita mzee mwenyewe mbele ya bodi. "Pandisha ya taa." Akapandisha, ikakaa. "Ya soketi za chumbani." Ikakaa. Jikoni, ikakaa. "Ya hita." Pap! Nyumba yote ikazima. Akarudia bila kuambiwa. Pap! Nikaenda bafuni nikaitenga hita na waya zake, nikamwomba ajaribu tena. Ikakaa. Akabaki ameshika breka ile kwa kidole, anaishusha, anaipandisha, kama mtoto aliyepewa swichi. Megaohmu nisingeweza kumweleza hata kwa siku nzima, lakini hili kidole chake kilikuwa kimelielewa.

Nilidhani tumemaliza, kumbe bado. "Basi," akasema, "ing'oe hiyo breka yako. Niwekee bila yake."

"Mzee, hiyo siwezi."

"Nitakulipa."

"Hata ukinilipa."

Hapa ndipo kazi hii inapokuwa ngumu, maana mtaani hakosekani mtu wa kuiruka breka hiyo kwa hela ya soda, na kesho yake maji ni ya moto na yeye ndiye fundi hodari. Jina langu na leseni yangu ya EWURA vinabaki kwenye kazi niliyoisaini, na kikitokea kifo hakuna atakayeuliza nani alikuja baada yangu. Nikamweleza mzee hivyo bila kuremba.

Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Kwa hiyo lile bomba la bafuni linalotupiga, ni umeme kweli?"

Nikamuuliza bomba gani. Ndipo ikajulikana kwamba nyumba ile ilikuwa na sheria yake: hakuna kuoga bila kandambili, hata wajukuu wakija likizo. Bomba linapiga ukilishika pekupeku, kwa hiyo wanavaa kandambili, wamezoea. Nilipoifungua hita, waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma, na umeme uliokuwa ukivuja kwenye elementi yake ulikuwa unashukia kwenye bomba la chuma kwenda ardhini. Mama akamgeukia mumewe. "Mzee, hiyo hita itoke leo." Ikatoka.

Si lawama zote zina mwisho wa wazi namna hiyo. Za vifaa ni chafu zaidi. Mteja akishuku kwamba fundi ataongeza cha juu kwenye bei, anakwenda Kariakoo mwenyewe, anarudi na waya wa bei nafuu: nje umepakwa rangi ya shaba, ndani ni alumini. Unaungua kwenye soketi ya pasi, na anayeitwa ni mimi. Siku hizi nakata kipande cha waya mbele ya mwenye nyumba na kukikwangua kwa kisu kabla hatujauvuta hata mita moja. Ukitoka mweupe ndani, uamuzi ni wake: aurudishe dukani au atafute mtu mwingine. Wachache wamewahi kukasirika. Wengi wanapiga simu dukani papo hapo, na nafurahi kusikia lawama ikielekea kwingine.

Halafu wapo mafundi wa makabati. Nimeshafunika bomba zangu za waya, plasta imepita, rangi imekauka, ndipo anakuja mwenzetu na drili na kutoboa palepale juu ya soketi, kwenye mstari ambao fundi yeyote angejua waya unapanda. Kwa hiyo kila ukuta naupiga picha kabla ya plasta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni, na picha namtumia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Simu yenye kamera imeniokolea pesa nyingi kuliko koleo lolote.

Nimejiwekea na utaratibu wa fedha. Kwenda kuangalia ni bure, hata kama najua kosa si langu; nauli ya daladala ni nafuu kuliko jina kuharibika mtaa mzima. Kurekebisha kisichokuwa changu kuna bei, na bei hiyo naitaja kabla sijafungua skrubu ya kwanza, si baada. Wanaosema "malizia tu, fundi, ni kazi ndogo" nimewahi kuwamalizia, na wengine nimewaachia bisibisi wamalizie wenyewe.

Mzee wa Ilala alinunua hita mpya, nikaifunga, breka ikaitii. Mpaka leo ananiletea kazi za majirani, na kila akinitambulisha husema vilevile, mkono wake ukiwa begani kwangu: "Huyu ndiye aliyeniharibia hita yangu nzima kabisa. Lakini mchukueni, hana tamaa."