Kurasa 32

Mende walikula daftari langu la kwanza. Si eti walilitafuna pembeni tu. Walikula gundi yote ya mgongo na kitambaa cha jalada, wakaacha kurasa zimelegea kama meno ya mzee. Gundi nilikuwa nimeipika mwenyewe: unga wa ngano kijiko kimoja kwa maji vijiko vitano, moto mdogo, unakoroga hadi inakuwa uji mzito unaong'aa. Nilifuata video. Huyo jamaa wa video hajawahi kuishi Eastlands. Ukipaka kadibodi uji halafu uiache chini ya meza usiku kucha, si umewaandalia watu harusi?

Nilikasirika kuliko ilivyofaa. Mathe alinikuta nimechuchumaa sakafuni na kile kimzoga cha daftari mkononi, akaniangalia, akaangalia daftari, akasema, "Si ungenunua tu?" Halafu akaenda zake sokoni.

Swali lilikuwa la haki.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, 2021. Nilikuwa nasomea takwimu. Kulikuwa na deni la karo, kulikuwa na somo moja nililoanguka mara mbili, na kulikuwa na asubuhi fulani ambapo nilishuka matatu tauni na badala ya kuunganisha nyingine nikaenda kukaa Jeevanjee hadi saa kumi jioni. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Nilienda chuo namna hiyo muhula mzima. Mathe hakuniuliza kitu na mimi sikusema kitu. Siku moja tu aliacha kuniwekea nauli juu ya meza, na hapo nikajua anajua.

Kazi niliyopata baada ya hapo ni ile ambayo nusu ya vijana wa Nairobi wamewahi kuifanya au wana binamu anayeifanya: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Niliandika kuhusu uuguzi, kuhusu Hamlet, kuhusu sheria za kodi za nchi ambazo sitapewa viza yake. Mimi niliyeshindwa kumaliza digrii moja nilisaidia kumaliza kadhaa za watu. Sijivunii, lakini kodi ya bedsita ililipwa. Kisha ChatGPT ikatoka Novemba 2022, na kufikia katikati ya mwaka uliofuata akaunti yangu ilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Nikaachia nyumba, nikarudi kwa mathe na nguo, laptopu, na kijisanduku cha rangi za maji zenye vipande 12 nilichonunua siku moja niliyolipwa vizuri nikajiona tajiri.

Rangi nilikuwa nazo. Karatasi ndiyo iliyokuwa noma.

Kama hujawahi kuchora kwa rangi za maji, chukua karatasi ya printa, ipake maji kwa brashi, uiangalie. Inavimba, inajikunja, inafanya mabonde, na rangi yote inakimbilia mabondeni. Karatasi ya printa ina uzito wa gramu 80 hivi kwa mita mraba. Ile ya rangi za maji unayoitaka ni gramu 300, lakini uzito ni nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba imetiwa gundi tangu kiwandani, na zile nzuri kabisa hutengenezwa kwa pamba na kutiwa jelatini, ili maji yatulie juu kidogo kabla hayajanywewa. Hapo ndipo unapata nafasi ya kusukuma rangi, kuinua kosa, kuacha buluu na njano zikutane zenyewe. Bila hiyo gundi rangi inazama palepale, kama mchuzi ndani ya chapati.

Madaftari yaliyotengenezwa tayari kwa karatasi ya namna hiyo yapo. Niliwahi kuwa na moja, zawadi ya mtu niliyekuwa naye wakati huo. Lilikaa nami miezi saba bila alama hata moja. Kila nikilifungua niliona kurasa nyeupe za bei kali nikasema, bado sijajua kuchora vya kutosha, ngoja nifanye mazoezi kwanza kwenye makaratasi mabovu. Na kwenye makaratasi mabovu hakuna mtu anayeweza kujifunza rangi za maji, maana karatasi yenyewe haikuruhusu. Nikakaa hapo katikati. Mwishowe tuliachana na huyo mtu, nikamrudishia daftari likiwa jeupe. Alidhani namtukana.

Kwa hivyo hapana, mathe, nisingenunua tu. Ila sikumwambia haya yote asubuhi ile.

Kumbe duka la vifaa vya sanaa tauni huuza karatasi mojamoja, kubwa, sentimita 56 kwa 76. Moja ilinigharimu karibu chakula changu cha siku tatu. Niliibeba kwenye matatu ikiwa wima kati ya magoti kama mtoto wa watu. Nyumbani nikanawa mikono mara mbili, nikaitandika mezani, na hapo ndipo nilipojua kwamba hatua ya kwanza ya kutengeneza daftari ni kurarua karatasi uliyoinyima tumbo ili kuipata.

Kurarua, si kukata. Unaikunja, unasugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, unaikunjua na kuikunja upande wa pili, unasugua tena, halafu unaweka rula na kuvuta taratibu. Inatoa sauti kama ya kitambaa. Ukingo unabaki na manyoya manyoya, na huo ndio uzuri wake. Ule upande wa 76 unagawa mara nne, wa 56 mara mbili, unapata vipande 8 vya 19 kwa 28. Kila kipande kikunje katikati. Vitie viwiliviwili, kimoja ndani ya kingine, una mafungu manne. Majani 16, kurasa 32. Mtu wa takwimu lazima ahesabu.

Kuna jambo moja ambalo lilinigharimu karatasi ya pili. Karatasi ina mwelekeo, kama kuni. Nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, na mkunjo wa daftari unafaa ufuate nyuzi, usizikate. Unajua kwa kuipinda kidogo bila kuivunja: upande inaokubali kwa urahisi ndio upande wa kukunjia. Nilipuuza hilo mara moja, na mikunjo ikapasuka juu kama ngozi ya kisigino wakati wa baridi.

Kushona nilifundishwa na mzee wa viatu aliye karibu na steji yetu. Nilienda kumwomba uzi tu. Uzi wa cherehani hukata karatasi, nami nilitaka ule wake mnene uliopakwa nta. Akauliza wa nini. Nilipomwonyesha mafungu yangu alicheka, akayageuza geuza, akasema, "Kijana, hii ni soli tu."

Mshono niliokuwa nautaka ni wa zamani sana. Wakristo wa Misri, Wakopti, walishona vitabu namna hiyo karne za mwanzo baada ya Kristo, na watu wa vitabu bado wanauita kwa jina lao. Hauna gundi mgongoni. Uzi unapita ndani ya fungu, unatoka, unashuka kujifunga kwenye mshono wa fungu lililo chini, unarudi, na huko nje mgongoni unaona safu za visuko, kama nywele zilizosukwa vizuri. Faida yake ni mbili. Daftari linalala wazi kabisa, kwa hiyo unaweza kuchora kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia bila mlima katikati. Na kurasa zikishanyeshewa na kukauka mara nyingi huvimba, sasa mgongo wenye gundi unakakamaa lakini huu wa uzi unatoa nafasi. Nikaongeza faida ya tatu: mende hawana cha kula.

Mzee hakuwa anaujua mshono huo kwa jina lake, lakini nilipomwonyesha picha kwenye simu aliukamata kabla yangu. Alinirekebisha kitu kimoja tu. "Usivute kwenda juu, utapasua shimo. Vuta kwa upande, kama unamwongoza ng'ombe." Nilitoboa mashimo na sindano yake, matano kila mkunjo, nikashona nimekaa kwenye kigoda chake, wateja wakipita na viatu. Alikataa pesa ya uzi. Akasema nimletee kimoja kikiisha.

Yakabaki majalada. Unahitaji kadibodi ngumu kwelikweli. Nilijaribu katoni za sokoni, lakini hizo ndani zina mawimbi na zinakunjika. Nilijaribu kubandika tatu pamoja, zikatoka kama sandwichi.

Juu ya kabati la mathe kulikuwa na boksifaili. Unayajua, yale mafaili magumu ya kijivu yenye chuma cha kubana ndani. Kadibodi yake ni ya kiume. Nililijua faili lile. Mgongoni lilikuwa na karatasi nyeupe yenye jina langu na namba yangu ya usajili chuoni, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa.

Nitasema ukweli: sikumwomba. Alikuwa sokoni, nikapanda kiti, nikalishusha. Nilidhani nitatoa vilivyomo, nivitie kwenye mfuko, nirudishe mfuko juu, na yeye hana haja ya kuangalia huko tena. Nikafungua kile chuma. Barua ya kuitwa chuo ilikuwa juu. Chini yake slipu za benki, kila shilingi aliyowahi kulipa, zimepangwa kwa tarehe. Nyingine zilikuwa zimefifia wino hadi zimekuwa karatasi tupu, na bado zilikuwa mahali pake kwenye foleni.

Nilikuwa nimezitandaza mezani alipoingia. Siku hiyo sukuma ilikuwa imeisha mapema.

"Unatafuta nini?"

"Kadibodi, mum."

Aliweka kikapu chini. Akakaa. Nilingoja yale maneno, miaka miwili nzima nilikuwa nimeyangoja, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Yeye alichukua slipu moja akaisogeza mbali na macho, kwa sababu hataki kuvaa miwani. "Hii ilikuwa ya chama. Walinipa zamu ya mtu." Akachukua nyingine. "Hii niliuza friji." Mimi nilidhani friji iliharibika. Ndivyo alivyoniambia wakati huo, kwamba imeharibika na fundi ameichukua.

Alizisoma zote. Ile iliyofifia aliishika muda mrefu kuliko zingine, kisha akaiweka na wenzake. Hakulia, kama unangoja hapo. Alizipiga piga ncha zikakaa sawa, akazitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua.

"Hizi ni zangu," akasema. Halafu akanisukumia faili tupu. "Na hicho chuma usitupe. Kitabana karatasi za chama."

Nilitaka kumwomba msamaha na nikajikuta nauliza kama ana kipande cha leso kisichotumika. Akanipa.

Hii sehemu ya jalada niiseme haraka kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka na sikuifanya vizuri. Unakata kadibodi mbili, kubwa kidogo kuliko kurasa, kwa kisu kikali na bila haraka, mara kumi nyepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Unavisha kitambaa kwa gundi ya mbao ya fundi seremala, ile nyeupe, nilishakoma uji. Gundi ikikauka huvuta kitambaa, na kadibodi inapinda kama kigae, kwa hiyo lazima ubandike karatasi upande wa ndani pia, zivutane zitulie. Kisha uzito. Nilitumia mtungi wa gesi wa kilo 6, tukala mkate na chai usiku huo. Asubuhi ziko bapa, unatoboa, unaziunga kwa uzi uleule. Kile kibandiko chenye jina langu na namba nilikibandika ndani ya jalada la nyuma, nikafunika kwa karatasi ya ndani. Wino unaonekana kwa mbali ukiinua kwenye taa.

Ukurasa wa kwanza nilichora mtungi wa gesi. Mbaya. Umelala upande kama mlevi. Sikuogopa, na hilo lilinishangaza: ile karatasi nilikuwa nimeshairarua, nimeitoboa mashimo, nimeishona juu ya kigoda karibu na soli za watu. Ilikuwa imepata kuharibiwa kwangu kote kabla brashi haijaigusa. Wa pili ni meza ya mathe sokoni. Kijani cha sukuma hakipatikani kwenye kisanduku. Unachanganya buluu na njano, halafu tone la nyekundu kuikata makali. Wa tisa ni mikono ya mzee wa viatu, na huo ukurasa ndio pekee ninaoweza kukuonyesha bila kueleza kwanza.

Mzee nimemtengenezea lake. Anaandika humo madeni ya wateja. Siku hizi naandikia biashara ndogondogo za mtandaoni, natengeneza madaftari mawili matatu kwa mwezi, siwezi kukudanganya kwamba yanalipa kodi. Watu wanauliza bei, wakisikia wanaandika "sawa" na kupotea.

Wiki iliyopita mathe alichukua daftari langu mezani, akalipitia mbele hadi nyuma, kurasa zote 32, akalikunja kwa nguvu kujaribu mgongo. Akasema chama kinataka kitabu kipya cha mahesabu, hivi vya duka vinachanika kabla ya mwaka kuisha. Nikamwambia nitamtengenezea, karatasi nyepesi, mafungu kumi, mgongo wa uzi.

"Na mistari?" akauliza.

Sikuwa nimefikiria mistari. Nimeshafika ukurasa wa 46, kwa rula na penseli.